Shajara ya mradi: namba za umri na jinsi kwenye picha za ubongo, zinajibu swali gani hasa

Siku ya 1

Naanza kuandika hii shajara kwa sababu moja, nimejiona mara nyingi nasoma matokeo ya modeli leo naelewa vizuri kabisa afu wiki mbili baadaye nikirudi kwenye jedwali lilelile sikumbuki ile namba ilikuwa inajibu swali gani. Safari hii nataka kila namba iwe na sentensi yake.

Mradi wenyewe ni huu: ubongo unavyopungua ujazo kadiri mtu anavyozeeka, na kama wanawake na wanaume wanapungua kwa kasi moja au la. Data ni OASIS-2, ile seti ya wazi ya picha za MRI za wazee. Ina watu 150 wa umri wa miaka 60 mpaka 96, wanawake 88 wanaume 62, kila mmoja amepigwa picha kwenye ziara mbili au zaidi, na kati ya ziara na ziara kuna mwaka mmoja au zaidi. Jumla ziara 373.

Kwa kuwa mtu anarudi tena na tena, rigresheni ya kawaida, ile hesabu ya kuchora mstari mmoja kupita kwenye data yote, haifai hapa, manake picha mbili za mtu yuleyule zinafanana sana kuliko picha za watu wawili tofauti na ukizihesabu zote kama watu tofauti unajipa ushahidi ambao huna. Ndo maana tunatumia modeli ya athari mchanganyiko: kuna athari thabiti, yaani vile vitu tunavyovipima kwa kundi zima kama umri na jinsi, na kuna athari nasibu, yaani kila mtu anapewa kianzio chake mwenyewe, wengine wana hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) kubwa tangu zamani na wengine ndogo, modeli inalijua hilo na inaliweka pembeni.

Uamuzi wa leo: picha halisi sizigusi kwanza. Natengeneza data bandia yenye umbo lilelile, watu 150, ziara 373, umri uleule, napanda ukweli ninaoujua mwenyewe ndani yake, afu naangalia kama naweza kuusoma ukweli huo kwenye matokeo bila kukosea. Nikishindwa kusoma kitu nilichokipanda mwenyewe sina haki ya kusoma kitu nisichokijua.

Kitu kingine kabla sijasahau. Kwenye faili kolamu imeandikwa tu KE au ME, na sisi kwenye mazungumzo tunaiita jinsia. Kiswahili kinatupa maneno mawili na ni vizuri tuyatumie, jinsi ni ile ya maumbile na jinsia ni yale maisha ambayo jamii inampangia mtu kwa sababu ya jinsi yake. Kolamu yetu ni jinsi. Ila tofauti itakayoonekana kwenye ramani ya ubongo inaweza kutoka kwenye homoni, au miaka ya shule, au aina ya kazi mtu aliyofanya miaka arobaini, na modeli haina uwezo wa kutenganisha hivyo vitu. Kwa hiyo kolamu naiita jinsi, na sentensi ya maelezo haitasema "kwa sababu ya maumbile" popote.

Siku ya 2

Data bandia iko tayari. Ukweli niliopanda, naandika hapa nisije nikajisahau: kwenye umri wa miaka 75 mwanamke wa wastani ana hipokampasi ya milimita za ujazo 3200 na mwanaume 3400. Wanawake wanapungua 30 kwa mwaka, wanaume 40. Kwa hiyo pengo ni 200 kwenye umri wa 75, linakuwa 350 kwenye 60, na kwenye 95 linakwisha kabisa, mistari inakutana. Hizi ni namba za kujifunzia tu sijazitoa kwenye utafiti wowote.

Siku ya 4

Jana na leo nzima zimeishia kwenye kitu kimoja na naona ndo kitu kikubwa kuliko vyote mpaka sasa.

Modeli ya kwanza niliiandika hivi kwenye R, programu ya takwimu, kwa lme4, kifurushi chake cha modeli mchanganyiko:

ujazo ~ umri * jinsi + (1 | mtu)

Inaonekana haina kosa, umri upo, jinsi ipo, mwingiliano wao upo, yaani kasi ya kupungua inaruhusiwa kutofautiana kati ya wanawake na wanaume, kila mtu ana kianzio chake. Nikaendesha. Mstari wa jinsi kwenye jedwali la matokeo ukaniambia wanaume wanazidi kwa zaidi ya 900, kosa sanifu (kiasi ambacho namba inaweza kuyumba) kubwa sana, thamani ya p iko juu ya 0.05, yaani ushahidi hautoshi kusema tofauti ipo. Mi nilipanda 200! Nikajua nimeharibu kwenye kutengeneza data, nikarudi kuisoma skripti mstari kwa mstari, nikachora grafu, grafu inaonyesha mistari miwili iko palepale nilipoiweka. Data nzima, modeli nzima, namba haifanani.

Nikamwandikia mwenzangu tunayefanya naye mradi, yeye kakaa na hizi modeli miaka mingi kuliko mimi. Akanijibu kwa swali moja: "Kaka, hiyo 900 ni ya umri gani?"

Nikamjibu ni ya wote, ni tofauti ya wanawake na wanaume.

"Ukishaweka mwingiliano hakuna tofauti ya wote. Kama mistari haiko sambamba pengo linabadilika kila umri, sasa modeli imekuandikia pengo la umri mmoja tu. Umri gani?"

Nikakaa kimya nikahesabu. Pengo ni 200 ukiwa 75, na kila mwaka ukirudi nyuma linaongezeka 10. Rudi miaka 75 nyuma, unaongeza 750, jumla 950. Yaani ni pengo la umri sifuri! Modeli ilikuwa inanieleza tofauti ya mtoto wa kiume na wa kike siku wanazaliwa, kwa kutumia data ambayo mtu mdogo kuliko wote ana miaka 60. Na kianzio nacho ni hivyohivyo, 3200 ukiongeza 30 mara 75 unapata 5450, yaani kichanga wa siku moja ana hipokampasi kubwa kuliko ya mtu mzima, kitu ambacho hakipo duniani. Modeli haijakosea kuhesabu, imenyoosha mistari mpaka pale ambapo umri ni sifuri kwa sababu hiyo ndo maana ya kianzio, na mimi sikuiambia sifuri iwe wapi.

Na lile kosa sanifu kubwa sasa linaeleweka. Mistari miwili imeshikiliwa vizuri katikati ya data, ila ukiivuta mbali kosa dogo la mteremko, yaani la kasi ya mstari kushuka, linatanuka kama mikono ya mkasi, ukifika sifuri uko miaka 60 nje ya data na hujui chochote. Kwa hiyo athari ya jinsi ilionekana "haipo" wakati ipo, kwa sababu ilipimwa kwenye umri ambao hakuna hata mshiriki mmoja aliye karibu nao.

Dawa ni kusenta umri, yaani unatoa 75 kwenye umri wa kila ziara kisha unaendesha modeli ileile. Sifuri mpya ni miaka 75. Nikafanya hivyo, mstari wa jinsi ukashuka mpaka jirani na 200, kosa sanifu likawa dogo, p ikawa ndogo. Na kitu nilichokipenda, mstari wa mwingiliano haukubadilika hata desimali moja, namba ileile, kosa sanifu lilelile. Kusenta hakubadilishi modeli, kunabadilisha swali ambalo mstari wa jinsi unalijibu.

Naandika kwa herufi ambazo nitaziona: kwenye jedwali lolote lenye mwingiliano, mstari wa jinsi usomwe pamoja na umri wake. "Wanaume wanazidi 200 kwenye umri wa miaka 75." Ukiondoa hiyo nusu ya pili sentensi haina maana.

Siku ya 5

Kumbe hili jambo lilikuwa linatuchanganya tangu zamani bila kujua. Mwenzangu anatumia AFNI, mkusanyiko wa programu za kuchambua picha za ubongo, kwa ramani nzima, na ndani yake programu ya 3dLME ya modeli mchanganyiko, mimi natumia lme4 kwa maeneo machache. Mwezi uliopita tulijaribu wote wawili kwenye kipande kidogo cha ubongo bandia, vokseli (vijisanduku vidogo vinavyounda picha) 20 kwa 20 kwa 20, kujifunza tu, na ramani yake ya jinsi ikajaa rangi wakati jedwali langu la vokseli zilezile halina kitu. Tukalaumu toleo la programu, tukalaumu maski inayochagua sehemu ya picha ya kuchambua, tukaachana nalo.

Sababu ni hiyohiyo. 3dLME usipoitajia kituo cha umri inasenta yenyewe kwenye wastani wa washiriki wote bila kujali kundi. lme4 haisenti kitu, inachukua umri kama ulivyo. Yeye alikuwa anauliza kuhusu wazee wa umri wa kati ya data, mimi nauliza kuhusu vichanga. Leo nimesenta yangu kwenye wastani uleule na ramani zimeoana.

Na hata hiyo ya kujisenta yenyewe tumekubaliana tusiitegemee. Wastani wa washiriki unabadilika ukiondoa mtu mmoja mwenye picha mbovu, kesho mtu mwingine atatumia data nyingine yenye wastani wa 71 na hatuwezi kulinganisha. Tumeandika 75 kwa mkono sehemu zote mbili.

Siku ya 9

Baada ya umri kusentwa nikadhani mstari wa umri nao sasa unajieleza, nikausoma kama "ubongo unapungua 30 kwa mwaka". Hapana. R inapopewa kolamu ya maneno inapanga kwa alfabeti, KE inatangulia ME, kwa hiyo KE ndo kundi la rejea, lile ambalo jingine linalinganishwa nalo, na mstari wa umri ni mteremko wa wanawake peke yao. Wa wanaume unaupata ukijumlisha mwingiliano, minus 30 na minus 10, minus 40. Ningeandika "washiriki wanapungua 30 kwa mwaka" ningekuwa nimewasahau wanaume wote 62 kwenye sentensi moja.

Ukitaka mteremko wa wastani wa makundi mawili unabadilisha namna ya kukodi, yaani namba unazoyapa makundi, KE inakuwa 1 na ME inakuwa minus 1, hapo mstari wa umri unakuwa minus 35 ambayo ni katikati ya 30 na 40. Ila angalia, hapo mstari wa jinsi sio tofauti tena, ni nusu ya tofauti, na alama yake imegeuka kwa sababu KE ndo chanya. Badala ya 200 utaona minus 100. Na hiyo 35 ni katikati ya makundi, sio wastani wa watu, kwa kuwa wanawake ni wengi kuliko wanaume wastani wa watu ungeegemea kwao kidogo.

Nimeamua ramani zote tutazitoa kwa kontrasti, yaani ulinganisho maalum tunaouomba kwenye modeli, zilizoandikwa kwa majina: mteremko wa KE, mteremko wa ME, tofauti ya miteremko, pengo kwenye 65, pengo kwenye 75, pengo kwenye 85. Tukishafanya hivyo ukodi wowote utatoa majibu yaleyale na hakuna mtu atakayehitaji kukumbuka nani alikuwa rejea.

Siku ya 13

Siku nne hizi nimekaa na umri tu. Nilikuwa naamini umri ni kitu kimoja, ni miaka, basi. Ila kwenye data ya kurudiarudia umri unabeba habari mbili kwa mkupuo. Kuna tofauti kati ya watu, huyu ana 62 yule ana 90. Na kuna mabadiliko ndani ya mtu, huyuhuyu alikuwa 70 sasa ana 73. Ukiweka kolamu moja ya umri unailazimisha modeli iamini kwamba miaka ishirini ya kati ya watu wawili ni kitu kilekile na miaka ishirini ya kuishi.

Sio kitu kilekile. Mtu wa miaka 90 aliyekubali kuja kulala ndani ya skana ni mtu aliyefika 90 akiwa na nguvu ya kuja, wenzake waliozaliwa mwaka mmoja naye wengi hawapo au hawawezi kutoka nyumbani. Kwa hiyo wazee sana kwenye data ni waliochujwa, ubongo wao unaonekana mzuri kuliko ambavyo ungetegemea, na mteremko wa kati ya watu unaonekana mlaini. Upande wa pili, waliozaliwa miaka ya 1910 na waliozaliwa miaka ya 1930 hawakukua kwa chakula kimoja wala shule moja wala tiba moja, na hiyo nayo inaingia kwenye kolamu ya umri ikijifanya ni uzee.

Nikatengeneza data bandia ya pili, nikapanda ndani ya mtu anapungua 50 kwa mwaka, ila kati ya watu tofauti ni 20 tu kwa kila mwaka wa umri. Modeli ya kolamu moja ikatoa namba iliyo katikati, haimwelezi mtu yeyote. Nikagawa umri mara mbili, umri wa wastani wa mtu kwenye ziara zake zote, na wakati, yaani kila ziara iko mbali kiasi gani na huo wastani wake mwenyewe. Hapo zikatoka zote mbili, karibu 50 na karibu 20, kama nilivyopanda.

Halafu nikaingia kwenye shimo lingine, naliandika ili mtu asiingie tena. Niliacha kolamu ya umri wa kawaida nikaongeza umri wa wastani pembeni yake, nikifikiri ni kitu kimoja na kugawa. Mstari wa umri ukatoka minus 50, sawa. Mstari wa umri wa wastani ukatoka jirani na 30 chanya. Chanya! Mtu akiuona kwenye jedwali ataandika kwamba kwa watu wenye umri mkubwa hipokampasi inakua. Ila ukiiandika hivyo modeli, mstari wa pili sio mteremko wa kati ya watu, ni tofauti ya miteremko miwili, minus 20 ukitoa minus 50 unapata 30. Ni namba muhimu sana, inakuambia kama uzee wa kati ya watu na wa ndani ya mtu vinakubaliana, ikiwa karibu na sifuri unaweza kuwa na amani na kolamu moja. Ila hakuna hipokampasi inayokua.

Na jinsi sasa inaingia mara mbili pia. Wakati na jinsi: je, wanaume wanapungua haraka kuliko wanawake kadiri miaka inavyopita? Umri wa wastani na jinsi: je, pengo la wanaume na wanawake ni tofauti kati ya watu wa miaka 65 na watu wa miaka 85? Swali letu la mradi ni la kwanza. Miezi yote tumekuwa tukichanganya yote mawili kwenye kolamu moja tukiwa tunadhani tunajibu la kwanza, na hili limeniuma kidogo.

Siku ya 15

Fupi. Nilitaka kila mtu awe na mteremko wake pia, sio kianzio tu, kwa sababu kasi ya kupungua ni tofauti kati ya mtu na mtu na ukiinyima modeli hilo kosa sanifu la wakati linakuwa dogo kuliko haki. Modeli ikagoma, inasema imefika ukingoni, tofauti ya miteremko kati ya mtu na mtu ni sifuri. 373 ukigawa kwa 150 ni kama ziara mbili na nusu kwa mtu. Mtu wa ziara mbili ana nukta mbili, mstari unapita kwenye nukta mbili bila kubakiza chochote, modeli haiwezi kujua ipi ni kasi yake na ipi ni kelele ya kipimo. Tutajaribu tena kwa data halisi, ikigoma tunabaki na kianzio na tunaliandika wazi.

Siku ya 16

Umri mraba, yaani umri ukizidishwa kwa wenyewe, ili mstari uweze kukunja. Bila kusenta, umri na umri mraba kati ya 60 na 96 vina uhusiano unaozidi 0.99, havitenganishiki. Ukisenta kwenye 75 unapungua sana. Na mstari wa umri hapo ni mteremko kwenye 75 tu, kabla na baada yake ni mwingine.

Siku ya 18

Leo ukubwa wa kichwa. Wanaume kwa wastani wana ujazo wa ndani ya fuvu mkubwa kuliko wanawake, zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo karibu kila kiungo cha ubongo ukikipima kwa milimita kitaonekana kikubwa kwa wanaume na bado hujasema lolote kuhusu kiungo chenyewe. Kila mtu anajua inabidi kurekebisha. Shida ni kwamba kuna njia kadhaa na kila moja inatoa jibu lake.

Nilipanga kwenye data bandia fuvu la mwanamke wa wastani ni sentimita za ujazo 1400, la mwanaume 1580, hipokampasi 3200 na 3400 kama mwanzo, na ndani ya kila jinsi kila sentimita ya ujazo ya fuvu inaongeza milimita 1 ya hipokampasi. Usiporekebisha: wanaume wanazidi 200. Ukigawa hipokampasi kwa fuvu: wanawake 2.29, wanaume 2.15, sasa wanawake ndo wamezidi. Ukiweka fuvu kama kovarieti, yaani kigezo cha kurekebishia ndani ya modeli, iliyosentwa kwa wastani wa wote: fuvu peke yake linaeleza 180, wanaume wanabaki wamezidi 20. Data moja, majibu matatu, na hakuna aliyedanganya.

Kugawa kunageuza matokeo kwa sababu hipokampasi haikui sawasawa na kichwa, kichwa kikiwa kikubwa kwa asilimia 10 hipokampasi haiongezeki kwa asilimia 10, kwa hiyo vichwa vidogo vyote, vya wanawake na vya wanaume, vinapata uwiano mkubwa. Ni tabia ya vichwa vidogo, ila kwenye ramani itaonekana kama tabia ya wanawake. Hii njia tumeiacha.

Kovarieti nayo ina swali lake. Ukisenta fuvu kwa wastani wa wote unalinganisha mwanamke na mwanaume wenye kichwa sawa, tuseme 1490. Ila mwanamke wa 1490 ana kichwa kikubwa kati ya wanawake na mwanaume wa 1490 ana kichwa kidogo kati ya wanaume, unalinganisha watu wawili ambao sio wa kawaida kwenye makundi yao. Ukisenta ndani ya kila jinsi unalinganisha mwanamke wa kawaida na mwanaume wa kawaida, na hapo pengo linarudi 200 lilelile kwa sababu kwenye mstari wa jinsi hujarekebisha kitu. Nimewahi kuona watu wanasenta ndani ya kundi afu wanaandika "baada ya kurekebisha ukubwa wa kichwa". Hawajarekebisha.

Uamuzi: kovarieti, wastani wa wote, na matokeo bila kurekebisha yanawekwa pembeni yake kwenye jedwali hilohilo. Fuvu la mtu mzima halibadiliki, kwa hiyo kila mtu namba moja, wastani wa ziara zake. Na kwa swali letu kuu, kasi ya ndani ya mtu, kichwa hakisumbui sana kwa sababu kila mtu analinganishwa na yeye mwenyewe, ila mwenye hipokampasi kubwa anaweza kupoteza milimita nyingi kwa asilimia ileile, kwa hiyo tutaangalia na asilimia.

Siku ya 20

Kijana anayetusaidia ameleta ramani mbili nzuri sana kwa macho. Amegawa data bandia, wanawake faili lao, wanaume faili lao, akaendesha modeli ya umri kila moja. Ya wanawake imejaa rangi, ya wanaume karibu tupu. Akaandika chini: umri unaathiri ubongo wa wanawake ila sio wa wanaume.

Nilimwita tukakaa wote. Nikamwambia, mdogo wangu, wanawake 88, wanaume 62. Hata kama mteremko ni uleule kabisa, kundi lenye watu wengi linaweza kupata p iliyo chini ya 0.05 na lenye wachache likabaki na p iliyo juu yake. P kuwa chini au juu ya 0.05 sio kipimo cha tofauti. Ukitaka kusema wanatofautiana lazima upime tofauti yenyewe, mstari wa mwingiliano, kwenye modeli moja yenye wote. Tukaiendesha, ramani ya mwingiliano haina kitu, na ni sahihi, kwenye faili hilo nilikuwa nimepanda mteremko mmoja kwa wote.

Sikutaka ajione yeye ndo wa kwanza kwa hiyo nikamwonyesha. Mwaka 2011 Nieuwenhuis, Forstmann na Wagenmakers walipitia makala 513 za sayansi ya neva kwenye majarida makubwa matano, wakakuta makala 157 zenye ulinganisho wa aina hii, 78 zimefanya sawa na 79 zimekosea. Nusu kwa nusu. Akaniuliza "Sasa kaka, wasomaji walijuaje?" na kwa kweli msomaji hana namna ya kujua kama mwandishi hakuiweka namba ya mwingiliano.

Ramani za kila jinsi tutazionyesha, zinasaidia kuelewa, ila pembeni ya ramani ya mwingiliano na sio bila yake.

Siku ya 21

Vokseli. Kipande chetu kina vokseli 8000, kwa 0.05 bila kurekebisha unategemea 400 ziwake bila kitu chochote ndani, na ubongo mzima una vokseli nyingi kuliko hapo mbali sana. Tunatumia klasta, yaani vikundi vya vokseli jirani zinazowaka pamoja, na kizingiti cha p cha kuunda klasta ni 0.001, manake Eklund na wenzake walionyesha 2016 kwamba 0.01 inaruhusu uongo mwingi kupita. Mwingiliano unakadiriwa kwa shida kuliko athari kuu, kwa hiyo ramani tupu ya mwingiliano haimaanishi miteremko ni sawa, tutatoa pia makadirio na upana wake, yaani namba inaweza kuwa kutoka wapi mpaka wapi, kwa kila eneo.

Siku ya 23

Mjadala mrefu na mwenzangu kuhusu nani aingie. Kati ya wale 150, 72 hawakuwa na dalili za kupoteza kumbukumbu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, 64 walikuwa nazo tangu ziara ya kwanza, na 14 walianza vizuri wakapata dalili njiani. Yeye anataka 72 tu, uzee safi. Mimi nikasema hao 72 tumewachagua kwa kuangalia mbele, siku ya ziara ya kwanza hakuna aliyejua nani atakuwa kati ya 72 na nani kati ya 14. Tukiwatoa wale 14 tunatoa hasa watu ambao ubongo wao ulikuwa unapungua haraka, na kasi ya uzee itaonekana ndogo kuliko ilivyo kwa mtu anayeanza akiwa mzima. Na kama kati ya hao 14 jinsi moja ni nyingi kuliko nyingine, tofauti ya jinsi nayo inapinda bila mtu kujua.

Alifikiri siku nzima. Jioni akaandika: "Sawa, wote 86 walioanza wazima ndo uchambuzi mkuu, 72 unakuwa wa pili." Nimekubali.

Siku ya 24

Leo nimeandika sentensi za ripoti kabla ya kuwa na matokeo, nimeacha tu nafasi za namba. Mfano mmoja niubandike hapa:

"Kati ya washiriki walioanza bila dalili, hipokampasi ya mwanamke wa wastani ilipungua milimita za ujazo ... kwa mwaka ndani ya mtu, ya mwanaume ..., tofauti ya kasi ... na upana wake kutoka ... mpaka .... Kwenye umri wa miaka 75, kwa ukubwa wa fuvu ulio sawa, pengo ni ...; bila kurekebisha fuvu pengo ni ...."

Mwenzangu ameisoma akabadilisha neno moja, "ilipungua" iwe "ilibadilika", kwa sababu hatujaona namba bado. Ameshinda hiyo.

Kituo ni 75, ukodi umefungwa, kontrasti sita zina majina, umri umegawanywa mara mbili, fuvu namba moja kwa mtu. Skripti imepita kwenye data zote za bandia na imerudisha kila kitu nilichopanda. Kesho asubuhi nafungua faili la picha halisi.